Mashine ikisema P0335, pima saketi kabla hujanunua sensa ya krenki

Waya Mwekundu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mada ya gari kuzima yenyewe barabarani ikishapata joto, halafu ikipoa inawaka kama haijawahi kuumwa, imekuwa nyingi. Jibu linalotolewa karibu kila mara ni moja: badilisha sensa ya krenki (ile inayosoma mzunguko wa injini). Mtu anabadilisha, gari inatulia siku kadhaa, inazima tena. Anaambiwa aliuziwa feki, ananunua nyingine. Inazima tena. Mwisho wa yote anaambiwa kontrol boksi (kompyuta ya injini) imekufa, na hapo ndipo hela ya maana inapoondoka.

Kazi yangu ni umeme wa magari. Nitatumia injini ya 1NZ-FE kama mfano kwa sababu ndiyo imejaa barabarani kwetu: IST, Vitz, Probox, Fielder, Ractis, Porte. Wenye magari mengine msiondoke, kanuni ni ile ile.

Kwanza someni msimbo unavyosema. P0335 ni hitilafu kwenye SAKETI ya sensa ya krenki. Haijasema sensa imekufa. Saketi ni sensa, soketi yake, waya zinazotoka pale hadi kontrol boksi, ile shildi (ganda la kukinga mawimbi ya nje) inayozizunguka, pini za kontrol boksi, na hata gurudumu la meno linalopita mbele ya sensa. Kontrol boksi inachojua ni kitu kimoja tu: stata inazunguka, na mawimbi niliyoyatarajia hayajafika. Yamepotelea wapi, hiyo ni kazi ya fundi.

Jinsi inavyofanya kazi: kwenye krenki kuna gurudumu lenye nafasi 36 za meno, lakini meno mawili hayapo, kwa hiyo yapo 34. Kila jino ni nyuzi 10 za mzunguko. Pale kwenye pengo ndipo kontrol boksi inapojua krenki iko wapi. Sensa yenyewe ni sumaku na koili, waya mbili, haipelekewi moto kutoka popote. Jino likipita, koili inazalisha umeme wake mdogo wa AC (unaogeuka mwelekeo). Injini ikizunguka polepole unakuwa mdogo, ikienda kasi unakua. Ndiyo maana betri iliyochoka, inayozungusha stata kwa shida, inaweza kukupa dalili za sensa mbovu wakati sensa ni nzima kabisa.

Sensa ya kemu (P0340 na wenzake) inasoma meno matatu tu kwenye kemu (shafti inayofungua valvu) na kazi yake ni kuiambia kontrol boksi silinda ipi iko kwenye kukandamiza. Hizi mbili zinafanya kazi pamoja. Ukiona P0016, maana yake krenki na kemu hazikubaliani, na hapo fikiria cheni ya tamingi iliyolegea au VVT (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu) kabla hujagusa waya.

Sasa sehemu inayopoteza watu. Kwenye Toyota hizi pampu ya mafuta inawashwa na rilei (swichi ya umeme), na rilei hiyo inaamriwa na kontrol boksi. Kama kontrol boksi haioni krenki ikizunguka, haiamrishi rilei, pampu inakaa kimya. Fundi anafungua paipu ya mafuta, anaona hakuna presha, anasema "pampu imekufa". Mnanunua pampu. Gari haiwaki. Anaangalia plagi, hakuna cheche, anasema "koili". Koili zote nne kwa wakati mmoja? Ukikosa cheche na mafuta kwa pamoja, achana na pampu na koili, nenda kwenye krenki.

Vipimo naviweka hapo chini, nimalizie kazi niliyonayo mezani.

Dereva wa Usiku

Mkuu asante sana kwa uzi. Probox yangu inanitesa. Ilinizimia naipandisha mlima Kitonga na mzigo, nikakaa pembeni mpaka ikapoa, ikawaka nikaendelea. Lakini taa ya cheki enjini haiwaki na fundi kapima kwa mashine hakuna msimbo wowote. Sasa hapo nafanyaje?

Waya Mwekundu

Pole mkuu, Kitonga si mahali pa kuzimikiwa.

Kukosa msimbo hakumaanishi saketi ni nzima. Mawimbi yakikatika ghafla injini inazima, na kontrol boksi inaweza isipate muda wa kuhakikisha kosa na kulihifadhi. Halafu kuna hivi vidude vya bei ndogo vya kuunganisha na simu: Toyota nyingi za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 havishiki vizuri, au vinashika na kukwambia hakuna kitu. Njia ya zamani inasaidia. Kwenye soketi ya kupimia chini ya dashibodi unganisha pini namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imezimwa, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya cheki enjini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kilichohifadhiwa. Ikipepesa mara moja, ikatulia kidogo, kisha mara mbili, hiyo ni 12. Mara moja kisha mara tatu ni 13. Zote mbili zinahusu mawimbi ya mzunguko wa injini. Hesabuni pini vizuri jamani, ukikosea ukaunganisha namba 16 ambayo ina moto wa betri moja kwa moja, utaniita mchawi.

Dalili nyingine haihitaji mashine. Siku itakapozima, tazama mshale wa RPM. Ukianguka hadi sifuri mara moja wakati gari bado inaserereka na injini bado inazunguka, mawimbi ya krenki yamekatika. Ukishuka taratibu huku injini inakohoa, hiyo ni mafuta. Na ukiwa unapiga stata ikiwa imegoma, mshale unatakiwa uinuke kidogo, kwenye mashine usome RPM kama 200 hivi. Sifuri kabisa huku stata inazunguka vizuri, umeshapata njia. Vitz zisizo na mshale wa RPM, hapo mashine ni lazima.

Spea Kali

Wakuu tusichoshane. Sensa ya mtumba ni hela ndogo, funga uone. Ikipona imepona. Mambo ya kukaa na mita siku nzima nani ana muda huo? Mteja anataka gari.

Waya Mwekundu

Kiongozi, kujaribisha sensa ambayo umeitoa kwenye gari inayowaka ni kipimo halali, sibishi. Tatizo ni hili: ili ufunge sensa mpya lazima uchomoe soketi, uvute waya, usugue sugue, uchomeke. Kama waya umekatika ndani ya ganda lake, au pini imelegea, kule kuigusa tu kunarudisha mawasiliano. Gari inawaka, sensa mpya inapewa sifa, mteja analipa. Barabara ya vumbi na mashimo ikishatikisa kidogo, mambo yanarudi pale pale. Hiyo ndiyo "ikipona imepona" ninayoletewa mimi baadaye, ikiwa na sensa tatu kwenye mfuko wa nailoni.

Haya, vipimo. Gari kwenye P, breki ya mkono juu, waya za mita mbali na mikanda.

Sensa ya krenki ya 1NZ iko chini upande wa mikanda, kwenye kava ya tamingi karibu na puli ya krenki. Pakivuja oili pale, soketi inaoga. Chomoa soketi na uitazame kwanza kabla ya mita. Oili ndani, ukijani kwenye pini, kifungio kilichovunjika na kufungwa na waya wa kufungia nyaya: yote hayo ni majibu. Sisi wa Pwani, Tanga hadi Mtwara, chumvi ya hewani inamaliza pini haraka, na kuosha injini kwa maji ya presha kunaongezea.

Pima omu kati ya pini mbili za sensa. Sensa za koili za Toyota nyingi ziko kati ya omu 1,000 na 2,500 hivi zikiwa baridi, na kitabu cha injini yako kitakupa kiwango kamili. Usiishie hapo. Gari inazima ikiwa na moto, kwa nini uipime baridi? Shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda, takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Sensa iliyosoma omu 1,200 asubuhi kwenye nyuzi 25 inatakiwa isome karibu 1,480 ikifika nyuzi 85. Ikipanda hivyo, koili iko hai. Ikiruka hadi mita isisome chochote, koili imekatika ndani na inaachana ikitanuka. Hapo ndipo unanunua sensa kwa moyo mweupe. Ukitaka kuipasha bila kuendesha gari, itoe na uipulizie kikausha nywele cha saluni. Tafadhali si kiberiti.

Baada ya hapo weka mita kwenye volti za AC, sensa ikiwa imefungwa mahali pake lakini soketi imechomolewa, mtu apige stata. Injini haitawaka kwa sababu kontrol boksi haipati kitu, kwa hiyo usiogope. Unatakiwa uone kama nusu volti au zaidi. Ukiona karibu na sifuri na omu zilikuwa nzuri, toa sensa uangalie ncha yake. Ile ni sumaku, inakusanya unga wa chuma kama ndevu. Angalia pia kama imekaa mpaka mwisho, maana nafasi kati ya ncha na meno ni ndogo sana, karibu milimita moja. Mtu akifunga sensa juu ya uchafu, au sensa ya injini nyingine inayofanana kwa macho, mawimbi yanafifia.

Sasa kipimo ambacho watu wanakiruka, na ndicho cha maana kuliko vyote: rudishia soketi, nenda kwenye kontrol boksi (kwenye nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria), ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi kwenye waya zile zile mbili, piga stata tena. Mawimbi yanatoka kwenye sensa lakini hapa hayafiki? Waya. Yanafika vizuri na kontrol boksi bado inasoma RPM sifuri? Kwanza hakikisha pini zenyewe zinashika, kisha ndipo uanze kuizungumzia kontrol boksi.

Msitoboe ganda la waya kwa sindano. Tundu lile linaingiza unyevu, shaba inageuka kijani, na baada ya miezi unapata ugonjwa ambao haukuwepo.

Tiida ya Nairobi

Habari za huko ndugu zangu. Mimi niko Nairobi, gari ni Nissan Tiida HR15. Nimejaribu kufuata maelezo lakini sensa yangu ina waya tatu na mita haionyeshi AC yoyote. Mekanika ameniambia sensa imekufa. Naomba msaada kabla sijashuka Kirinyaga Road kutafuta nyingine.

Waya Mwekundu

Karibu sana. Subiri kwanza usishuke. Yako ni aina nyingine, ya Hall. Ile haizalishi umeme wake, inapelekewa volti 5, ina eathi, na waya wa tatu ni wa mawimbi. Ndani kuna elektroniki, kwa hiyo omu zitakwambia tu kama imeunguzwa kabisa au imekatika, si zaidi. Na mawimbi yake si AC, ni volti zinazopanda na kushuka kama ngazi.

Chomoa soketi, fungua swichi, pima upande wa gari: waya wa moto dhidi ya eathi ya betri uone volti 5. Kisha pima ule wa eathi ya sensa dhidi ya nguzo hasi ya betri uone karibu sifuri. Volti 5 zipo na eathi ipo, rudishia soketi, weka mita kwenye DC kwenye waya wa mawimbi, zungusha krenki kwa spana polepole kwenye boliti ya puli. Volti zinatakiwa zibadilike ghafla, juu, chini, juu, chini, kila jino linapopita. Zikiganda mahali pamoja huku moto na eathi ni sawa, mtuhumiwa ni sensa.

Kama volti 5 hazipo, usiseme kontrol boksi imekufa. Zile volti 5 hazipelekwi kwa sensa moja. Nissan huzigawa kwa sensa kadhaa, na moja ikipiga shoti inawaangusha wote. Ile sensa ya presha ya gesi ya kiyoyozi iliyo mbele karibu na rejeta ndiyo ya kwanza kuiangalia, maana inapata mapigo ya mawe na maji. Acha mita pale kwenye soketi ya krenki, chomoa sensa nyingine moja moja. Ukichomoa fulani na volti 5 zikarudi, umempata mwizi.

Wimbi la Meno

Mleta uzi umeeleza vizuri, niongeze kidogo kwa wenye vifaa. Mita ya kawaida inakupa wastani, na wastani unaficha mengi. Oskiloskopu (kifaa kinachochora wimbi la umeme) ndogo ya mkononi siku hizi si kifaa cha mzungu tu. Ukiunganisha kwenye sensa ya 1NZ utaona vilima 34 vinavyofanana, kisha pengo, kisha 34 tena. Jino moja likiwa limegongwa au gurudumu limepinda, utaona kilima kimoja kifupi kinajirudia mahali pale pale kila mzunguko. Mita haiwezi kukuonyesha hilo hata ukesha.

Jambo lingine ni waya kugeuzwa. Mtu akibadilisha soketi na kuunganisha waya mbili kinyume, sensa bado inatoa AC na mita inafurahi, lakini wimbi limepinduka na kontrol boksi inasoma jino mahali pasipo pake. Gari inawaka kwa shida au inakosa nguvu, na watu wanahangaika na plagi. Mkikata soketi, wekeni alama kabla ya kukata.

Na shildi isipuuzwe. Zile waya mbili zimesokotwa na kufunikwa kwa sababu mawimbi yenyewe ni madogo na zinapita karibu na alternata na koili. Alternata yenye dayodi mbovu pamoja na shildi iliyokatwa, kontrol boksi inaanza kusoma kelele kama meno. Shildi hukamatishwa eathi upande mmoja, ule wa kontrol boksi. Nimekuta mafundi wameifunga na bodi upande wa sensa pia, wakidhani wanaimarisha. Eathi ikiwa sehemu mbili, umeme unapita kwenye shildi yenyewe na kelele inaongezeka.

Spea Kali

Hapo kwenye waya kugeuzwa nimekuelewa mkuu. Kuna IST hapa kwangu ilibadilishwa soketi sehemu nyingine na tangu hapo haina nguvu. Kesho naiangalia.

Mama Fielder

Jamani wakaka, mimi si fundi ila nimesimama na kijana wangu wa gereji tukafuata huu uzi mstari kwa mstari. Fielder 1NZ, inazima ikiwa kwenye foleni ya Mbezi, jua kali. Sensa tumeshabadilisha tayari. Omu baridi ziko sawa, omu za moto zimepanda kama ulivyosema. AC kwenye sensa ipo. Kwenye kontrol boksi wakati mwingine ipo, wakati mwingine haipo. Waya tumepima mwanzo mpaka mwisho mita inapiga mlio, inasema umefika. Sasa ni nini?

Waya Mwekundu

Dada, umeshafika, imebaki hatua ndogo. "Wakati mwingine ipo, wakati mwingine haipo" ndilo jibu lenyewe. Mlio wa mita usikudanganye. Waya una nyuzi nyingi ndani, na hata ukibaki uzi mmoja unaogusana, mita italia.

Mwambie kijana achomoe soketi pande zote mbili, sensa na kontrol boksi. Aweke mita kwenye omu kwa waya mmoja, asome chini ya omu 1. Kisha wewe shika fungu la waya na ulitikise kidogo kidogo kuanzia kwenye sensa kwenda juu, ulikunje, ulivute, huku yeye haondoi macho kwenye mita. Asitumie mlio, atazame namba. Namba ikiruka, simama hapo. Akimaliza waya wa kwanza arudie wa pili, kisha apime kila waya dhidi ya bodi ya gari. Hapo isome juu kabisa, kilo-omu 10 kwenda juu. Ikisoma chini kuna mahali ganda limechubuka na waya unagusa chuma.

Sehemu za kuanzia: kipande cha kwanza kutoka kwenye soketi ya sensa, pale panapofungwa na klipu kwenye injini, na pale fungu linapokunja kona. Injini inatikisika, bodi haitikisiki, waya ulio katikati ndio unaoumia. Ukihisi mahali waya ni laini kupita kawaida, uvute taratibu. Ganda la waya uliokatika ndani linanyooka kama mpira, kwa sababu hakuna shaba inayolizuia.

Mama Fielder

Tumepata! Karibu kabisa na klipu ya kwanza kutoka kwenye sensa. Ganda zima kwa nje, tukivuta linarefuka na namba inapotea. Tulivyolikata ndani shaba ni nyeusi tii. Kijana anataka kusokota waya na kuzungushia selotepu nyeusi, nimemwambia angoje kwanza nikuulize.

Waya Mwekundu

Umefanya vyema kumzuia. Kata nyuma mpaka ufikie shaba inayong'aa, hata ikibidi kukata kipande kirefu. Shaba nyeusi haishiki risasi ya kulehemu. Ongeza kipande cha waya wa unene ule ule, unganisha kwa kubana na kiunganishi kizuri au kwa risasi, kisha vuta juu yake mpira wa kusinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Viungio viwili visikae sambamba, kimoja kitangulie, visije vikagusana. Rudishia msokoto wa waya mbili kama ulivyokuwa, shildi uiendeleze na uifunge vizuri isiguse chuma.

Ukirudisha kwenye klipu, acha ulegevu kidogo. Waya ulikatika pale kwa sababu ulikuwa umekazwa, na ukiukaza tena utakatika tena. Kiungio chenyewe kiwekwe mbali na klipu, mahali pasipokunjika, na mbali na mkanda.

Kisha futa msimbo, washa, acha injini ifike joto lake la kawaida mpaka feni iwake na kuzima, mtikise fungu tena ikiwa inanguruma. Ile sensa ya zamani mliyoitoa mwanzo usiitupe. Ipime omu baridi na moto. Kama ni nzima, iweke kwenye buti.